Askari Kanzu Hana Jana

Kuna jamaa huanika vitabu kuukuu juu ya gunia kwenye Moi Avenue, si mbali na sanamu ya Tom Mboya. Ukiinama unapata James Hadley Chase wa kutosha kujengea nyumba, Biblia tatu, hesabu za darasa la nane, na zile riwaya za mapenzi zenye jalada la mwanamke aliyezimia mikononi mwa daktari. Siku moja nikamuuliza kama ana hadithi za wapelelezi wa hapa kwetu. Akafukuafukua, akanipa *My Life in Crime* ya John Kiriamiti.

"Lakini huyu ni mwizi," nikamwambia.

"Si ni ile ile tu?"

Nililipa mia mbili nikaondoka, lakini jibu lake lilinifuata mpaka nyumbani. Mtu anaomba mpelelezi, anapewa jambazi, na muuzaji haoni tofauti yoyote. Na pale tulipokuwa tumesimama, mwendo mfupi tu ulitutenganisha na mlango wa duka la dawa ambapo Mboya alipigwa risasi Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, barabara ikiitwa Government Road bado.

Mpelelezi niliyekuwa namtaka unamjua. Ni Luther wa Waingereza, ni wale wawili wa *True Detective* ya 2014, ni kila mzee mwenye koti lililokunjamana unayemtazama saa nane za usiku ukijiambia hii ndiyo episodi ya mwisho. Ana chupa kwenye droo. Ndoa imekwisha. Kuna mtoto aliyekufa zamani, au mwenzake aliyeuawa mbele yake, au kesi aliyoikosea miaka kumi na saba iliyopita, na maiti ya leo inamrudisha palepale. Jana yake haimwachi alale.

Hadithi ya namna hiyo haisimami bila imani moja ambayo mtazamaji haitaji kwa jina: kwamba ndani ya jumba la polisi yuko angalau mtu mmoja anayekosa usingizi kwa sababu ukweli haujapatikana. Nairobi waliokosa usingizi ni sisi. Nadhani ndiyo maana mpelelezi huyo amechelewa sana kuzaliwa kwetu, hata ingawa ndugu zake wa Kiswahili wana umri wa zaidi ya miaka 60.

Tuanze na mkubwa wao. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, liliandaa shindano la hadithi za Kiswahili. Mshindi alikuwa mhariri wa Unguja, Muhammad Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, na hadithi yake, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Ndani yake tajiri mmoja mwenye mashamba, Bwana Ali, anakutwa amekufa pale kwenye mzimu ambapo watu hupeleka sadaka zao. Kijiji kizima kinajua nani kaua: wenyewe, wale wa kale. Inspekta Seif amekwama. Ndipo anapoingia Bwana Msa na kiko chake mdomoni, pamoja na rafiki yake Najum, ambaye kazi yake kubwa ni kuwa nyuma kwa hatua moja ili sisi wasomaji tusijione wajinga.

Bwana Msa haogopi mzimu. Haombi radhi, hafukizi ubani, hagombani na wanaoamini. Anauliza tu nani alikuwa wapi, nani angerithi nini. Ni mtoto wa Sherlock Holmes, na Abdulla hakuficha: kiko ni kile kile, rafiki ni yule yule. Lakini kuna jambo aliloligeuza. Kwa Holmes, jana mara nyingi hutoka koloni na kupanda meli hadi London. Katika *The Sign of Four* ya 1890, hazina iliyoibwa India wakati wa uasi wa 1857 ndiyo inayoua watu kando ya mto Thames miaka mingi baadaye. Kwa Abdulla jana haina haja ya meli. Imo nyumbani, kwenye ukoo: mtoto ambaye baba yake si yule anayedhaniwa, ndugu wasiojuana, ndoa iliyofichwa, wosia. Soma *Duniani Kuna Watu* (1973) au *Siri ya Sifuri* (1974) uone namna kila anayefungua mdomo ana babu wa kumficha.

Kila mtu ana jana, isipokuwa Bwana Msa. Tunajua anavyofikiri, tunajua anavyovuta tumbaku, tunajua hachoki. Hatuoneshwi kidonda chake. Yeye ni akili safi iliyovaa koti.

Zamani nilidhani ni udhaifu wa mwandishi. Siku hizi sina hakika. Kitabu cha kwanza kilitoka 1960. Cha pili, *Kisima cha Giningi*, 1968. Katikati hapo kuna Januari 1964, Mapinduzi, mashamba yakataifishwa, watu wakauawa, wengine wakakimbia kwa majahazi, na Unguja ya wenye mashamba kama Bwana Ali ikawa imekwisha. Bwana Msa anaendelea kuvuta kiko kana kwamba hakuna kilichotokea. Anazunguka katika kisiwa ambacho hakipo tena. Mtu aliyetatua siri ya kila familia hakuulizwa hata mara moja: wewe usiku ule ulikuwa wapi? Sitaki kumlisha marehemu Abdulla maneno. Alikuwa anaandika katika nchi ambayo swali hilo lingemgharimu mtu, na msomaji wa Unguja hakuhitaji kukumbushwa. Lakini ukisoma ukijua tarehe, ule utulivu wa Bwana Msa unaanza kutisha kidogo.

Bara walimfuata upesi. Faraji Katalambulla akatoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965, na Inspekta wake Wingo akaleta upelelezi mjini Dar es Salaam, kwenye simu na taa za barabarani. Halafu akaja Willy Gamba wa Elvis Musiba, kuanzia *Kufa na Kupona* ya 1974. Huyu sasa si mtu wa kukaa kitini akifikiri. Huyu ana bastola, ana warembo, ana ndege ya kuwahi, na adui yake ni makaburu wa Afrika Kusini na vibaraka wao. Dar ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, kwa hiyo kijana wa Manzese aliyesoma *Kikosi cha Kisasi* hakuwa anasoma ndoto tupu. Wapigania uhuru aliwaona wakipita mtaani. Gamba naye hana jana. Angeipatia wapi nafasi? Yeye ni taifa lenyewe likikimbia na bunduki.

Ninayempenda zaidi ni Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ingawa najua kuna watakaonigombeza. Joram ni wa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vimekwisha na hazina imekauka, sabuni inapangiwa foleni, na mwaka 1983 serikali inawasaka wahujumu uchumi nyumba kwa nyumba. Joram si askari. Ni mpelelezi wa kujitegemea, ana ofisi na msaidizi wake Neema, na Inspekta Kombora wa polisi humfuata akinung'unika huku akijua bila Joram hafiki popote. Angalia kilichobadilika hapo. Kwa Bwana Msa, polisi hawana akili za kutosha. Kwa Joram, polisi hawatoshi tu. Mtanzania wa kawaida alikuwa amegundua kwamba dola haliwezi kila kitu, na Mtobwa akampa mtu wa pembeni wa kumalizia kazi.

Kabla sijavuka mpaka, neno moja kuhusu maneno. Kiswahili hakijawahi kumpa huyu mtu jina lake peke yake. Mpelelezi ni yule anayechunguza mauaji, na ni yule yule anayekuchunguza wewe. Jina jingine la wazee ni askari kanzu: polisi aliyevua sare akavaa kama raia ili akae kwenye baraza lenu, anywe kahawa yenu, asikilize. Mzungu alipoandika kwamba askari kanzu alikuwa akitafuta mwizi, mwenye baraza alijua anatafutwa mwanasiasa. Lugha ilikuwa imeshatoa hukumu yake kabla ya mwandishi yeyote kukaa chini.

Sasa Kenya.

Hakuna kifaa kinachopendwa na hadithi za upelelezi kama alama ya kidole. Mfumo wa kuzipanga ulitengenezwa Bengal, India, katika miaka ya 1890 chini ya afisa wa polisi Edward Henry, kazi kubwa ya hesabu ikifanywa na maafisa wawili wa Kihindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ambao majina yao hayamo kwenye jina la mfumo. Mwaka 1901 Scotland Yard ikauchukua. London alama ya kidole ilichukuliwa kwa mtu aliyekamatwa kwa kosa. Kenya ilichukuliwa kwa kila mwanaume Mwafrika aliyefikisha miaka 16. Sheria ya kipande ya 1915, iliyoanza kutekelezwa vita vilipokwisha, ilimtaka atembee na cheti chenye alama zake na maneno ya tajiri wake wa mwisho, kimefungiwa ndani ya kikopo cha bati shingoni. Yaani teknolojia ya Sherlock Holmes tuliipata mapema kuliko watu wengi duniani. Ila sisi hatukuwa wasomaji wa hadithi. Sisi ndio tuliokuwa washukiwa, nchi nzima, kabla ya kosa.

Na mpelelezi maarufu zaidi kuwahi kutoka katika nchi hii si wa kubuniwa. Ian Henderson alizaliwa Scotland, akalelewa Nyeri, akakizungumza Kikuyu kama mwenyeji. Alikuwa Special Branch, tawi la usalama lililokua ndani ya CID mpaka likajitenga. Mwaka 1952 na 1953 alikuwa miongoni mwa waliotayarisha ile kesi ya Kapenguria iliyompa Jomo Kenyatta miaka saba. Tukae kidogo hapo Kapenguria, kwa sababu ingekuwa riwaya ungesema mwandishi amezidisha chumvi. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alitoa ushahidi kwamba aliona Kenyatta akilisha watu kiapo. Mwaka 1958 Macharia akaapa mbele ya wakili kwamba alisema uongo, na kwamba alikuwa ameahidiwa masomo Uingereza. Akashtakiwa, akafungwa. Hakufungwa kwa ule uongo wa kwanza uliomfunga mtu miaka saba. Alifungwa kwa kusema kwamba ulikuwa uongo.

Henderson akaendelea na kazi. Aliwageuza wapiganaji waliotekwa, akawavalisha matambara na nywele za msituni, akawarudisha Nyandarua kuwawinda wenzao. Tarehe 21 Oktoba 1956 Dedan Kimathi akapigwa risasi na kukamatwa. Tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Mwaka uliofuata Henderson akatoa kitabu kuhusu msako huo, na ukweli ni kwamba kinasomeka kama thrila. Kina nyayo, mitego, mvua, subira. Kina kila kitu isipokuwa mtu anayekosa usingizi. Mwaka 1964 serikali ya Kenyatta ikamfukuza nchini. Mwaka 1966 akafika Bahrain, akashika idara ya usalama wa taifa kwa miongo mitatu. Wapinzani wa serikali ya huko walimshutumu kwa mateso, naye akakana mpaka alipofariki 2013.

Mtu aliondoka. Ofisi, makabati na mazoea vilibaki. Kama ungekuwa mwandishi kijana mwaka 1965, na Februari ile Pio Gama Pinto amepigwa risasi ndani ya gari nyumbani kwake mbele ya bintiye mdogo, ungemtoa wapi Bwana Msa wako? Ungempa dawati katika jumba gani?

Kwa hiyo Kenya ilifanya kitu cha ajabu kidogo: ikampa kalamu aliyekuwa anakimbia. Kiriamiti alihukumiwa miaka 20 mwaka 1971 kwa wizi wa mabavu. *My Life in Crime* aliiandika akiwa gerezani, ikatoka 1984, na sidhani kuna kitabu cha Kenya kilichopita mikono mingi kuliko hicho chini ya dawati la shule. Nilikisoma kikiwa hakina jalada wala kurasa kumi za mwanzo. Jack Zollo anaiba benki, anamdanganya Milly wake, anakimbia, anapigwa, anakimbia tena. Wapelelezi wamo, lakini unawaona kama paka anavyoonekana na panya: viatu, mlango, kofi. Hakuna anayeingia akilini mwao. Kinachoshangaza ni kwamba ile roho inayosumbuliwa, ile jana isiyomwachia mtu, kitabu kinayo. Ila kampa mwizi. Yule muuzaji wa Moi Avenue alikuwa sahihi kuliko nilivyodhani.

Upande wa pili wa barabara hiyo hiyo alikuwepo Patrick Shaw. Mzungu mnene kupita kiasi, asubuhi mmoja wa wasimamizi wa Starehe Boys' Centre, usiku polisi wa akiba akizunguka Nairobi na Volvo yake. Wazee wa Eastlands bado wanaweza kukuambia alikuwa anaegesha wapi. Wengine wanamkumbuka kama mtu aliyeusafisha mji, wengine wanamkumbuka kwa vijana ambao hawakufika mahakamani. Alifariki 1988. Mwalimu wa mayatima anayewinda vijana usiku: hebu niambie kama kuna mwandishi wa Hollywood angethubutu kubuni. Na bado, kwa kadiri ninavyosoma, hakuna riwaya yetu iliyoingia ndani ya ile Volvo na kumuuliza anawaza nini. Tumebaki na stori za vijiweni.

Aliyekaribia kuingia ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Watu husahau kwamba *Petals of Blood* ya 1977 ni hadithi ya upelelezi. Wakurugenzi watatu wa kiwanda cha pombe wameteketea Ilmorog, watu wanne wana sababu ya kuulizwa, na Inspekta Godfrey anatumwa. Godfrey ni askari wa shule ya kikoloni, anaamini sheria kama wengine wanavyoamini sala. Kazi anaiweza: anampata aliyewasha moto. Lakini kufikia hapo msomaji ameshajua kwamba moto si swali. Swali ni nani aliiba Ilmorog yenyewe, na hilo halimo katika faili la Godfrey. Anapanda gari anarudi Nairobi kesi yake ikiwa safi.

Mwishoni mwa mwaka ule ule Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Miaka tisa baadaye ilikuwa zamu ya Wahome Mutahi, yule Whispers aliyewachekesha Wakenya kila Jumapili. Naye alipotoka akaandika *Three Days on the Cross* (1991), ambamo wapelelezi wanaonekana kutoka mahali pa chini kabisa, na mtu wanayemhoji. Nyayo House haikuhitaji mpelelezi mwenye akili. Ilihitaji maji na uvumilivu.

Halafu, Februari 1990, ikaja kesi ambayo kila Mkenya wa umri fulani anaijua kama sura za riwaya. Waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko, anatoweka usiku kutoka nyumbani kwake Koru. Tarehe 16 inatangazwa kwamba mwili umepatikana chini ya kilima cha Got Alila, umechomwa, una risasi. Baadaye inajulikana kwamba mvulana mchungaji alikuwa ameuona siku tatu kabla. Wakubwa wanajaribu kusema alijiua: alijipiga risasi na kujichoma moto, bana. Wanafunzi wanaingia barabarani. Serikali inaomba msaada Scotland Yard, naye Superintendenti John Troon anatua.

Troon ndiye mpelelezi halisi pekee ambaye nchi hii imewahi kumsubiri kama watu wanavyosubiri episodi. Alihoji, akaandika, akakabidhi ripoti. Oktoba 1990 ikaundwa tume ya Jaji Evans Gicheru. Ikakaa, watu wakafuata kwenye magazeti kila asubuhi, Troon mwenyewe akarudi kutoa ushahidi Novemba 1991, na kabla hajamaliza kuhojiwa, Rais Moi akaivunja tume. Mkuu wa wilaya ya Nakuru, Jonah Anguka, akashtakiwa na kuachiliwa huru 1994. Mwaka 2003 Bunge likaanza upya na kamati yake. Miaka 13 baada ya kifo, maswali yale yale, mashahidi wengine wakiwa wamekwisha kufa.

Hapa ndipo ninapoona tofauti yetu na akina Luther. Kwao mpelelezi husumbuliwa na kesi aliyoshindwa kuitatua. Kwetu shida haijawahi kuwa akili. Wachunguzi wetu hufika mbali sana. Kamati ya Bunge ya 1975 kuhusu mauaji ya J.M. Kariuki, ikiongozwa na Elijah Mwangale, ilikusanya ushahidi, ikataja watu. Kinachokosekana huwa ni ukurasa wa mwisho, na haukosekani kwa bahati mbaya. Mpelelezi wa Kenya hawezi kuandamwa na asichokijua. Ataandamwa na anachokijua.

Ilibidi aliyeumizwa na jambo hilo aagizwe kutoka ng'ambo. Mukoma wa Ngugi, mtoto wa Ngũgĩ, alitoa *Nairobi Heat* mwaka 2009. Mpelelezi wake Ishmael ni Mmarekani mweusi wa Madison, Wisconsin. Msichana wa kizungu amekutwa amekufa mlangoni kwa profesa Mnyarwanda anayesifiwa dunia nzima kwa kuokoa watu 1994, na njia ya kujua ukweli inampeleka Ishmael Nairobi, ambako anashirikiana na askari wa hapa anayeitwa O. Ishmael kabeba kila mzigo: rangi yake, beji yake, Afrika asiyoijua. Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa O. Huyu anakunywa, anavuta, anaua, anaenda nyumbani kwa mkewe anayempenda. Dhamiri kapewa mgeni. Mwenyeji kapewa bunduki na utani.

Hata hivyo Mukoma aligusa jeraha la kweli. Félicien Kabuga, aliyetuhumiwa kufadhili mauaji ya kimbari ya Rwanda, alijificha kwa muda katika nchi yetu hii huku Marekani ikiahidi dola milioni 5 kwa atakayesaidia akamatwe. Januari 2003 mwandishi wa habari kijana aliyekuwa akisaidia mtego wa kumnasa aliuawa nyumbani kwake Karen. Kabuga alikamatwa Mei 2020, karibu na Paris.

Mwezi mmoja kabla ya hapo sisi wapenzi wa Kiswahili tulikuwa na msiba wetu. Ken Walibora, aliyetupa *Siku Njema*, aligongwa na gari Landhies Road tarehe 10 Aprili 2020. Jamaa zake walimtafuta siku kadhaa kabla ya kumkuta katika makafani ya hospitali. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha pia jeraha la kisu mkononi. Nakumbuka grupu yetu ya WhatsApp usiku ule, watu ambao kazi yao ni fasihi, kila mmoja amegeuka Bwana Msa: aliegesha wapi, alikuwa anaenda wapi, nani alimwona. Ilipofika saa saba hivi mmoja akaandika, "Tuache, jamani. Hatutaambiwa." Na tukaacha.

Tangu hapo nimekuwa na mpelelezi kichwani. Sijui kuandika riwaya, kwa hiyo anayemtaka amchukue. Februari 1990 ana miaka 22, ametoka Kiganjo majuzi tu. Anapelekwa Koru kusimama kando ya kilima, watu wasisogee. Anaona kitu kimoja, kidogo, ambacho hakilingani na kile kitakachosemwa kwenye redio. Mkubwa wake anamwambia ageuke aangalie barabara, naye anageuka. Anapanda cheo. Anakuwa DCI hodari, mwenye subira, anayefunga kesi za watu wadogo kwa haki kabisa, na hanywi hata bia. Akienda kwao likizo hupitia njia ndefu ili asipite Muhoroni, na mkewe alishaacha kuuliza kwa nini. Sasa amebakisha miaka michache astaafu. Jumapili moja yuko jikoni anakata sukuma, na binti yake, anayesoma sheria pale Parklands, ameinamia laptopu mezani anasoma ripoti ya tume.

"Baba," anasema bila kuinua uso, "1990 wewe si ulikuwa umepostiwa huko?"

Kisu kinaendelea kukata. Sukuma imekwisha kitambo.